C.J.P. Ionides, Bwana Nyoka: mwindaji aliyejifunza kumshika nyoka bila kumkasirisha

Nyoka akionekana ndani ya lupango huko Karavia, karibu na ziwa na uwanja wa gofu wa Lubumbashi, jambo la kwanza kwa wakaaji wengi ni kutafuta fimbo au jembe. Wachache huuliza ni nyoka wa aina gani. Wachache zaidi huuliza kwa nini ameinua kichwa. Katika karne iliyopita, upande wa pili wa pori hili hili la miombo, aliishi mtu ambaye maswali hayo mawili yalikuwa kazi yake ya kila siku. Jina lake ni Constantine John Philip Ionides. Watu wa kusini mwa Tanzania walimjua kwa jina fupi zaidi: Bwana Nyoka.

Pori la miombo liko huku Katanga, linapita Zambia na Malawi, na kufika mpaka Liwale na Newala, si mbali na Bahari ya Hindi. Ndiyo maana nyoka wengi aliowashika Ionides wana ndugu zao huku Haut-Katanga: koboko mweusi mwenye kukimbia sana, kifutu mnene mwenye kulala njiani bila kusogea, na swila mwenye kutema sumu machoni. Mambo aliyojifunza kule juu ya tabia ya nyoka yanamhusu pia mtu wa huku, awe anamwogopa nyoka au anataka kumfuga.

Kutoka Uingereza mpaka Tanganyika

Ionides alizaliwa Uingereza tarehe 17 Januari 1901, katika ukoo wa matajiri wenye asili ya Kigiriki. Mmoja wa ukoo huo, aliyeitwa pia Constantine Ionides, aliachia jumba la makumbusho la Victoria and Albert la London mkusanyo wake mkubwa wa picha. Kijana huyu hakupenda picha wala biashara. Alipenda wanyama wa pori, na tangu utoto alikuwa mtu wa kujitenga na wenzake. Alisoma katika shule ya Rugby, kisha katika chuo cha kijeshi cha Sandhurst, akaingia kikosi cha South Wales Borderers na kupelekwa India.

Maisha ya kambi hayakumtosha. Katikati ya miaka ya 1920 alipata nafasi ya kwenda Tanganyika pamoja na jeshi la King's African Rifles. Wakati huo inchi hiyo ilikuwa imetoka mikononi mwa Wajerumani miaka michache tu iliyopita, katika vita ile ambayo askari wa Force Publique kutoka Kongo waliingia Tabora mwaka wa 1916. Tanganyika ilikuwa na wanyama wengi na maofisa wachache wa serikali, na kwa mtu kama Ionides huo ulikuwa mlango wazi.

Mlango huo hakuupitia kwa heshima. Aliacha jeshi na kuwinda tembo kwa ajili ya pembe, na sehemu ya uwindaji huo ilikuwa ujangili. Baadaye hakuuficha, ulielezwa katika vitabu vilivyoandikwa juu yake akiwa bado hai. Halafu, mwaka wa 1933, jangili huyo alipewa kazi katika idara ya wanyama pori ya Tanganyika. Mtu aliyejua njia zote za wezi wa pembe ndiye aliyepewa kazi ya kuwazuia.

Kituo chake kilikuwa Liwale, eneo la mbali ambalo mwaka wa 1905 lilikuwa kati ya yale yaliyowaka moto wa vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Kazi yake ilikuwa kufukuza tembo wenye kuharibu mashamba, kuua simba wenye kula watu, na kulinda wanyama wengine. Alikwenda kwa miguu pamoja na askari wa pori na wapagazi kwa majuma mengi.

Mbuga iliyopata ardhi, na watu walioipoteza

Jina la Ionides limeandikwa katika historia ya mbuga ya Selous kuliko mahali pengine popote. Alipofika, mbuga hiyo ilikuwa ndogo kuliko ilivyokuja kuwa. Alipigania miaka mingi iongezwe, na mwishowe ikapita kilomita za mraba 50,000, yaani kubwa kuliko inchi nzima ya Ubelgiji. Mwaka wa 1982 iliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na tangu 2019 sehemu yake kubwa inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Lakini ardhi hiyo haikuwa tupu. Katika miaka ya 1940 utawala wa kikoloni uliwahamisha maelfu ya watu wa upande wa Liwale kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Vijiji vilikusanywa mahali pamoja, mashamba ya zamani yakarudi kuwa pori, na pori hilo likaingizwa katika mbuga. Kwa Ionides huo ulikuwa ushindi wa tembo. Kwa familia zilizoacha makaburi ya wazee wao na miembe waliyoipanda, ilikuwa hasara ambayo hakuna aliyewalipa. Maisha ya mtu huyu hayawezi kuelezwa vizuri bila pande hizo mbili.

Jinsi alivyofika kwa nyoka

Mpaka miaka ya 1940 Ionides alikuwa mwindaji wa wanyama wakubwa na wa nadra, na vielelezo vyake vingi vilikwenda katika majumba ya makumbusho, pamoja na lile la Coryndon, Nairobi. Kisha akaanza kukamata nyoka, na tangu hapo nyoka walishika nafasi ya kwanza katika maisha yake. Alipostaafu kazi ya serikali katikati ya miaka ya 1950, hakurudi Uingereza. Alibaki kusini mwa Tanganyika, akakamata nyoka hai na kuwatuma katika bustani za wanyama na maabara za ng'ambo.

Kazi hiyo asingeiweza peke yake. Huko Newala, kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde, wakaaji walikuwa wakija kumwambia nyoka ameonekana wapi: kwenye mwembe nyuma ya nyumba, kwenye mkorosho, chini ya gogo. Aliyeleta habari alilipwa. Hivyo mwanamke aliyeona nyoka shambani alikuwa na sababu ya kumwacha hai na kutuma mtoto mbio. Kwa njia hiyo Ionides alikamata koboko wa kijani kwa mamia, wengine katikati ya vijiji, mahali ambapo watoto walikuwa wakichuma maembe.

Kwa koboko alitumia koleo lililofungwa kwenye mti mrefu, ili kumfikia nyoka juu ya tawi bila kukaribisha mkono. Alimbana shingoni, akamteremsha taratibu, kisha akamtia kwenye mfuko au sanduku. Hapo hapakuwa na mchezo. Koboko hasubiri: akijiona amefungiwa njia, anauma mara nyingi kwa haraka, na sumu yake inashika mishipa ya fahamu mpaka pumzi inakatika.

Kumgusa kwanza, kumshika baadaye

Njia ya Ionides ilionekana wazi zaidi kwa nyoka mwingine, vipera wa Gabon. Huyu ni ndugu mkubwa wa kifutu, mwenye ngozi iliyopambwa kama zulia na meno ya sumu yanayoweza kufika sentimita 5, marefu kuliko ya nyoka mwingine yeyote duniani. Anapatikana pia katika misitu ya Kongo. Kwa kumtazama tu, mtu angemweka wa kwanza katika orodha ya nyoka wabaya.

Ionides aliona jambo tofauti. Kabla ya kumshika vipera, alimgusa kwanza juu ya kichwa, polepole, kwa ncha ya koleo. Alikuwa akimpima: je, atavuta pumzi na kulia kwa hasira, au atakaa kimya? Mara nyingi sana nyoka hakuonyesha hasira. Basi Ionides aliweka koleo pembeni, akamshika shingo kwa mkono mmoja kwa nguvu ya kutosha, na mkono wa pili akauweka chini ya mwili ili uzito wa nyoka usining'inie. Alimbeba hivyo mpaka kwenye sanduku. Alieleza kwamba nyoka hao ni nadra kupigana naye wanapobebwa.

Njia hiyo ina mambo matatu ambayo kila mfugaji wa nyoka anayafuata leo, hata kama hajawahi kusikia jina la Liwale. La kwanza ni kumpa nyoka habari kabla ya kumshika. Nyoka hana masikio ya nje. Anajua mambo kwa mtikisiko wa ardhi, kwa ulimi wenye kuonja hewa, na kwa macho yanayofuata kitu kinachosogea. Mkono unaoshuka ghafla kutoka juu ni sawa na tai anayeshuka. Ukimgusa kwanza kwa kitu chepesi, kama fimbo yenye ndoana, anafahamu kwamba hakuna mawindo na hakuna adui.

La pili ni kumsoma. Nyoka mwenye hofu hujikunja kama herufi S, huvuta shingo nyuma, hupumua kwa sauti, hutikisa mkia au kujificha kichwa. Hizo ni ishara za mnyama anayeomba kuachwa. Kuuma kunakuja mwisho, ishara zote zikiwa hazikusikilizwa. La tatu ni kuushikilia mwili mzima. Nyoka anayening'inia anaogopa kuanguka, na nyoka anayeogopa kuanguka anatafuta kitu cha kushika kwa mdomo.

Nyoka wa nyumbani na nyoka wa pori

Katika Ulaya na Marekani, watu wengi wanafuga nyoka wasio na sumu nyumbani. Anayependwa sana ni chatu mdogo kutoka Afrika ya Magharibi na ya Kati, yule ambaye akiogopa hujiviringa kama mpira na kuficha kichwa katikati. Hata yeye, akifika nyumba mpya, anaweza kuwa mkali siku za mwanzo. Wafugaji wenye subira humwacha kwanza juma moja au zaidi bila kumshika, wakampa mahali pa kujificha, joto linalofaa na maji, na kungoja mpaka akubali kula.

Baadaye humtoa kwa dakika chache tu, wakimwinua katikati ya mwili na si kwenye kichwa, na kumrudisha akiwa ametulia. Hawamshiki siku mbili baada ya kula, kwa sababu anaweza kutapika. Hawamshiki anapojivua gamba, wakati macho yake yanapokuwa na ukungu na hawezi kuona vizuri. Hawanyooshi mkono wenye harufu ya panya. Majuma yakipita, nyoka anazoea. Hapendi kama mbwa anavyopenda. Anajifunza tu kwamba mkono huo haukumletea hatari jana wala juzi. Kila anayemlazimisha nyoka, au kumchezea mbele ya wageni ili aonekane jasiri, anafuta mafunzo hayo kwa siku moja.

Ionides alijua mpaka wa jambo hilo. Utulivu wa nyoka si ahadi. Vipera aliyebebwa kimya mara hamsini bado ana meno yale yale na sumu ile ile. Ndiyo maana nyoka mwenye sumu hafai kufugwa nyumbani. Chatu wetu mkubwa wa Katanga naye, ingawa hana sumu, analindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao DRC imeutia sahihi; kumtoa porini na kumuuza si biashara huru.

Mikono iliyolipa gharama

Ionides mwenyewe aliumwa na nyoka zaidi ya mara moja, na vidole vyake vilibeba alama mpaka mwisho. Kuna nyoka mdogo mweusi mwenye kuishi chini ya ardhi ambaye amewadanganya hata wataalamu wengi: meno yake ya sumu hutoka pembeni ya mdomo, hata akiwa ameufunga, na kwa hiyo hawezi kushikwa nyuma ya kichwa kama nyoka wengine. Nyoka wa namna hiyo hana njia salama ya kushikwa kwa mkono. Kwake dawa ni kumwacha.

Hapo ndipo tofauti kati ya ustadi na majivuno inapoonekana. Mtu aliyeumwa na bado akaendelea anaweza kuonekana shujaa, lakini mwanakijiji aliyeumwa huko Liwale wakati ule hakuwa na chaguo hilo. Hospitali ilikuwa mbali na serum ilikuwa ya shida. Hali hiyo haijaisha. Shirika la Afya Duniani, OMS, ambalo mwaka wa 2017 liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa ya inchi za joto, linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo. Wengi wao ni wakulima na watoto wa vijijini, na Afrika iko kati ya sehemu zenye kuumia zaidi.

Serum haitengenezwi bila sumu, na sumu haipatikani bila nyoka hai. Nyoka hai hapatikani bila mtu anayejua kumshika bila kumvunja mbavu wala kumfanya agome kula. Watu waliompelekea Ionides habari za nyoka kwenye miembe yao walikuwa sehemu ya kazi hiyo, hata kama majina yao hayakuandikwa katika vitabu vya ng'ambo.

Elimu ambayo haikuanza naye

Itakuwa kosa kufikiri kwamba Mwingereza mmoja ndiye aliyefundisha Afrika kushika nyoka. Katika Usukuma na Unyamwezi kulikuwa, na bado kuna, vyama vya wacheza na nyoka vyenye dawa zao, ngoma zao na miiko yao. Wanachama wanajifunza kwa miaka jinsi ya kumkaribia chatu na swila, na wanajulikana pia kwa kutibu walioumwa. Kutoka inchi hizo hizo za magharibi mwa Tanzania ndiko alikotoka Msiri, aliyeanzisha ufalme wa Garenganze huku Katanga na kutawala Bunkeya mpaka alipouawa mwaka wa 1891. Njia za biashara za wakati huo zilibeba shaba na pembe, na zilibeba pia watu na elimu yao.

Alichoongeza Ionides ni hesabu. Aliwapima nyoka urefu, akaandika walikamatwa wapi na mwezi gani, wamekula nini, wana mayai au watoto wangapi. Pamoja na Charles Pitman, aliyekuwa mkuu wa wanyama pori Uganda na mwandishi wa kitabu maarufu juu ya nyoka wa inchi hiyo, alichapisha matokeo hayo, mengine katika jarida la Puku la Zambia mwaka wa 1965. Mnyama mmoja mdogo asiye na miguu anayefanana na mnyoo, aliyetoka Liwale, alipewa jina lake katika lugha ya sayansi: Loveridgea ionidesii.

Miaka ya mwisho

Katika miaka ya 1960 jina lake lilikuwa limevuka bahari. Alan Wykes alikuwa ameandika maisha yake mwaka wa 1960, na mwandishi wa riwaya Margaret Lane akatoa kitabu chake mwaka wa 1963 baada ya kukaa naye. Wageni walikuta mzee mwembamba mwenye kuvuta sigara sana, asiyeoa, anayeishi na sanduku za nyoka na rafu za vitabu. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru mwaka wa 1961, Waingereza wengi walifunga virago, yeye akabaki. Miguu ilimsumbua, na mtu aliyetembea maelfu ya kilomita kwa miguu akawa hawezi kwenda mbali.

Alifariki mwezi wa Septemba 1968, akiwa na miaka 67. Mabaki yake yalizikwa chini ya mlima Nandanga, ndani ya mbuga aliyoipanua, mahali alipopachagua mwenyewe. Hakuna kijiji karibu. Watu walioishi upande huo walikwisha kuhamishwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kifo chake.

Kwa wakaaji wa Karavia na wa Lubumbashi yote, kinachobaki cha kutumika ni kidogo lakini ni cha maana. Nyoka akiingia lupango, watoto na mbwa waondolewe, mlango au njia ya kutokea iachwe wazi, na mtu mmoja abaki mbali akimwangalia anakoelekea. Nyoka aliyepewa njia huondoka. Mtu akiumwa, sehemu iliyoumwa isichanjwe wala kufungwa kamba; ipumzishwe bila kutikiswa, na mgonjwa apelekwe hospitali haraka bila kuchelewa njiani. Wengi wanaoumwa ni wale waliomkanyaga nyoka bila kumwona usiku, na wale waliomfuata na fimbo alipokuwa tayari anakwenda zake. Kwa kundi la kwanza, taa na viatu vya kufunika mguu vinasaidia sana. Kundi la pili linaweza kuepuka kwa kusimama tu mahali lilipo.